Bendi ya wimbo mmoja iliyogawana mavuno sawa kwa sawa

KATIKA vijiji vingi vinavyolima zao la biashara, haikosekani nyumba iliyoishia kwenye linta. Ilianza kujengwa mwaka ambao bei ilikuwa nzuri, mwenye nyumba akiamini kuwa msimu utakaofuata utakuwa kama huo au zaidi. Bei ikaanguka, kuta zikaota nyasi na mafundi wakaenda kutafuta kibarua kwingine. Ukimwuliza mwenyewe, atakuambia bila kificho kwamba fedha zilimkuta hajajipanga.

Biashara ya muziki nayo ina misimu ya aina hiyo. Bendi huhangaika kwa miaka, hutoa wimbo mmoja unaopigwa dunia nzima, kisha haisikiki tena. Wazungu wana jina maalumu la dhihaka kwa bendi za namna hiyo, na nyingi huishia kwenye ugomvi, madeni na kesi za kugombea nani alitunga nini.

Chumbawamba, bendi ya roki kutoka mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, ni moja ya bendi hizo. Wimbo wake "Tubthumping" ulitoka Agosti 1997 na kuvuma katika nchi nyingi. Baada ya hapo haikupata tena mafanikio ya kiwango hicho. Hata hivyo, fedha za wimbo huo ziligawanywa sawa kwa wanabendi wote, na jina la bendi liliendelea kufanya kazi kwa miaka 15 zaidi. Namna walivyofanya inafaa kuangaliwa na wote wanaouza mazao au bidhaa kwa kikundi.

Nyumba moja, mfuko mmoja

Chumbawamba ilianza mwaka 1982. Vijana wake, kadhaa kati yao wakitokea Burnley katika jimbo la Lancashire, waliingia kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyotelekezwa mtaa wa Armley mjini Leeds. Waliishi humo pamoja, wakala chungu kimoja na kuchanga fedha kwenye mfuko mmoja. Kisiasa walikuwa waanakisti, yaani watu wanaoamini kuwa jamii inaweza kujiendesha bila bosi.

Eneo hilo la Uingereza lina historia yake katika masuala ya kuchangia nguvu. Upande wa pili wa vilima vinavyotenganisha Leeds na Manchester upo mji wa Rochdale, ambako mwaka 1844 wafumaji na mafundi 28 walifungua duka la pamoja linalotajwa kuwa chimbuko la ushirika wa kisasa. Wazo hilo ndilo lililosambaa hadi makoloni ya Uingereza, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakawa na chama kikuu chao, KNCU. Chumbawamba haikuwa na mrajisi wala mkaguzi wa hesabu, lakini kanuni zake zilikuwa zilezile ambazo mwanaushirika yeyote anazifahamu: uamuzi hufanywa kwa kukubaliana, na kinachopatikana ni cha wote.

Kwa miaka mingi kilichopatikana kilikuwa kidogo. Walipiga muziki wa panki, wenye kelele na hasira, katika kumbi ndogo. Wakati wa mgomo wa wachimbaji wa makaa ya mawe wa mwaka 1984 hadi 1985, walitumia muziki wao kuwaunga mkono wagomaji. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1986 kupitia lebo yao wenyewe, Agit-Prop. Hiyo iliwashutumu wanamuziki matajiri waliokuwa wakiimba kuchangisha fedha za njaa ya Ethiopia. Hoja ya vijana hao ilikuwa kwamba njaa ina mizizi katika siasa na biashara ya dunia, hivyo sadaka ya siku moja haiwezi kuimaliza.

Kiuchumi, bendi ilikuwa kama mkulima mwenye shamba dogo anayeuza mwenyewe gulioni. Kwa kuwa lebo ilikuwa yao, hapakuwa na dalali wa kukata fungu lake. Tatizo ni kwamba gulio lenyewe lilikuwa dogo. Mtu anaweza kubaki na sehemu kubwa ya bei na bado akalala njaa kwa sababu wateja ni haba.

Mnunuzi waliyekuwa wakimtukana

Mwaka 1989 Chumbawamba ilishiriki katika albamu ya pamoja iliyotolewa mahususi kuishambulia EMI, moja ya kampuni kubwa za muziki duniani. Lawama kubwa wakati huo ilikuwa kwamba EMI ilikuwa chini ya kundi la kampuni, Thorn EMI, lililojihusisha pia na zana za kijeshi.

Katika miaka ya 1990 bendi ilihamia kampuni ndogo ya kujitegemea, One Little Indian, kwa jina lake la wakati huo. Ilipofika wakati wa albamu ya mwaka 1997, kampuni haikuridhishwa na kazi mpya iliyoletwa, na pande hizo mbili zikaachana. Bendi ikawa na mzigo mkononi bila mnunuzi. Kila aliyewahi kubaki na magunia nyumbani baada ya mnunuzi wa kawaida kuyakataa anajua hali hiyo ilivyo.

Aliyejitokeza ni EMI, kupitia tawi lake la Ujerumani.

Huo haukuwa uamuzi mwepesi. Kwa upande mmoja kulikuwa na maneno waliyoyasema hadharani miaka minane kabla. Kwa upande mwingine kulikuwa na bendi iliyokuwa imekaribia miaka 15 kwenye kazi isiyolipa. Hoja waliyoitoa ni kwamba kampuni ndogo nayo iliwatazama kwa jicho la faida, hivyo tofauti kati ya mnunuzi mdogo na mkubwa haikuwa kubwa kama walivyodhani. Aidha, Thorn na EMI zilikuwa zimetenganishwa mwaka 1996. Wakatia saini.

Gharama ya uamuzi huo ilionekana mapema. Mashabiki wa zamani waliwaona wasaliti. Mwaka 1998 bendi nyingine za panki zilitoa rekodi nzima ya kuwapinga, zikiwaita wanafiki kwenye jina la rekodi yenyewe. Wateja walioijenga biashara kwa miaka 15 ndio waliokuwa wa kwanza kuondoka.

Mkataba wa muziki kwa kawaida hufanya kazi kama mkopo wa pembejeo. Kampuni hutoa fedha za awali na kugharamia studio, matangazo na usambazaji. Mauzo yanapoanza, sehemu ya msanii hukatwa kwanza hadi fedha hizo zirudi. Msanii asiyesoma mkataba hushangaa kusikia wimbo wake kila redio huku akaunti ikiwa tupu, kama mkulima anayepeleka mzigo mkubwa wa tumbaku sokoni na kurudi na karatasi ya makato.

Msimu wa neema

Jina la wimbo, "Tubthumping", ni neno la Kiingereza linalohusu mtu anayehubiri jambo lake kwa makelele mbele ya watu. Wimbo wenyewe unazungumzia watu wa kawaida wa baa na mitaani ambao maisha huwabwaga chini na wao huinuka tena. Una tarumbeta, una kiitikio ambacho hata asiyejua Kiingereza hukishika kwa kukisikia mara moja, na hauna matusi ya siasa yaliyojaa katika nyimbo zao za awali.

Uingereza ulifika namba mbili. Australia, New Zealand, Kanada na Ireland ulishika namba moja. Marekani, soko gumu kuliko yote, ulipanda hadi namba sita kwenye chati kuu ya Billboard, na albamu iliyoubeba, "Tubthumper", ikatunukiwa cheti cha nakala milioni tatu nchini humo. Wimbo ukatumika kwenye viwanja vya michezo na katika mchezo wa kompyuta wa Kombe la Dunia la mwaka 1998.

Umaarufu haukuwafanya wakae kimya. Februari 1998, katika hafla ya tuzo za muziki za Brit jijini London, mwanabendi Danbert Nobacon alimmwagia maji Naibu Waziri Mkuu wa Uingereza, John Prescott, kwa madai kuwa chama chake kiliwatupa wafanyakazi wa bandari ya Liverpool waliokuwa kwenye mgogoro na mwajiri wao tangu mwaka 1995.

Mwaka huohuo mwenzake, Alice Nutter, alisema kwenye televisheni ya Marekani kuwa shabiki asiye na uwezo akiiba albamu yao kutoka maduka makubwa kama Virgin, yeye haoni ubaya. Maduka ya Virgin yakaiondoa albamu kwenye rafu na kuiuza nyuma ya kaunta. Mwenye duka mtaani hawezi kuicheka kauli hiyo, kwani anajua anayeibiwa kwanza ni yule mwenye bidhaa kwenye rafu. Kwa bendi, huo ulikuwa mfano wa kauli inayofurahisha wachache huku ikiweka kizuizi kati ya bidhaa na mnunuzi katika msimu ambao soko lilikuwa wazi.

Majina manane kwenye wimbo mmoja

Ili kuelewa fedha zilikoenda, ni lazima kwanza kujua kwamba wimbo mmoja una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti. Ya pili ni rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Utunzi ni kama shamba na rekodi ni kama zao lililovunwa msimu huo. Mara nyingi rekodi huwa mali ya kampuni iliyoigharamia, lakini utunzi huwa wa watunzi, isipokuwa kama wameuuza. Redio ikiupiga wimbo, filamu ikiutumia au bendi nyingine ikiuimba upya, mwenye utunzi hudai mrabaha wake. Nchini Marekani tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa redio za kawaida humlipa mtunzi na si mwimbaji.

Hapo ndipo bendi nyingi huvunjika. Watano hupiga ala, lakini jina linaloandikwa kwenye utunzi ni la mmoja au wawili. Wimbo ukivuma, hao wawili hununua nyumba, na mpiga ngoma huendelea kupanda basi.

Mfano unaojulikana ni wa bendi ya Procol Harum ya Uingereza, iliyovuma mwaka 1967 kwa wimbo "A Whiter Shade of Pale". Majina yaliyosajiliwa yalikuwa mawili, Gary Brooker kwa sauti na Keith Reid kwa maneno. Matthew Fisher, aliyepiga kinanda kinachoutambulisha wimbo huo tangu mwanzo, hakutajwa. Alifungua kesi mwaka 2005, takribani miaka 38 baadaye. Mwaka 2006 mahakama ilimpa asilimia 40 ya hakimiliki ya muziki wake, mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ikamwachia jina la mtunzi mwenza bila fedha, na mwaka 2009 majaji wa House of Lords wakamrudishia fungu lake. Lakini malipo hayo yalihesabiwa kuanzia alipodai tu. Miaka yote ya nyuma, ambayo ndiyo ilikuwa minono, haikuguswa.

Chumbawamba hawakuwa na kesi ya namna hiyo. Utunzi wa "Tubthumping" uliandikwa kwa majina ya wote wanane waliokuwa kwenye bendi, aliyeleta sauti na aliyepiga tarumbeta, aliyeimba na aliyepiga ngoma. Hapakuwa na haja ya kukumbuka nani alisema neno gani siku gani. Utaratibu wa kugawana sawa ulikuwepo tangu enzi za chungu kimoja cha Armley, wakati kilichogawanywa kilikuwa sarafu chache. Fedha nyingi zilipokuja zilikuta mfereji umeshachimbwa.

Ni kweli kwamba mgawo wa sawa kwa sawa una kasoro zake, na wachumi hawachoki kuzitaja. Aliye hodari zaidi anaweza kuona anawabeba wavivu, na ari yake ikashuka. Lakini katika kazi ambayo haijulikani mapema ni jasho la nani litakalozaa, mgawo huo ni aina ya bima. Mwaka huu wimbo wa huyu ndio utakaovuma, mwakani wa yule. Mwaka 1982 hakuna hata mmoja wao aliyejua kama upo utakaovuma.

Kuchagua wa kumuuzia

Baada ya wimbo kuvuma, kampuni za matangazo zilianza kubisha hodi. Kwa maelezo ya wanabendi, Nike iliwapa dola milioni 1.5 ili itumie "Tubthumping" kwenye tangazo la Kombe la Dunia, nao wakakataa.

Siku nyingine hawakukataa. Mwaka 2002 kampuni ya magari ya General Motors ililipa fedha kutumia wimbo wao mwingine, "Pass It Along", kwenye tangazo la gari. Bendi ilipokea fedha hizo na kuzigawa kwa taasisi mbili, Indymedia na CorpWatch, zinazojulikana kwa kufuatilia mwenendo wa kampuni kubwa. Fedha za kampuni ya magari zikasaidia kuichunguza na kuikosoa kampuni hiyohiyo ya magari.

Msomaji anaweza kukubaliana nao au kuwaona wachezea riziki. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba waliweza kufanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, haki ya kutoa ruhusa ilikuwa mikononi mwao. Pili, hawakuwa na shida ya fedha ya siku hiyohiyo. Mkulima wa korosho anayeuza kwa kangomba kabla ya mnada kufunguliwa anaijua bei halali ya mnadani. Anachokosa ni nafasi ya kusubiri. Kusema hapana ni mali, na kama mali nyingine, hununuliwa kwa akiba.

Bei iliposhuka

Wimbo uliofuata, "Amnesia", ulifika namba kumi Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1998, lakini Marekani haukukaribia kishindo cha ule wa kwanza. Albamu iliyofuata ilitoka mwaka 2000 ikiwa imejaa dhihaka dhidi ya biashara ya kisasa. Ilitarajiwa na wachache na ikanunuliwa na wachache. Mashabiki wapya walitaka wimbo mwingine wa tarumbeta, na wale wa zamani walikuwa wamekwishasusa. Uhusiano na EMI ukafikia mwisho.

Kilichofuata ni hatua ambayo wafanyabiashara wengi huona aibu kuichukua. Walirudi kwenye udogo. Walianzisha tena lebo yao, wakapunguza gharama, na katikati ya miaka ya 2000, baada ya baadhi ya wenzao kuondoka, waliobaki wakaacha magitaa ya umeme na kupiga nyimbo za asili za Kiingereza kwa ala zisizo na umeme. Bendi ya namna hiyo huhitaji vyombo vichache na kumbi za kawaida. Mapato yalishuka, lakini matumizi yalishuka nayo.

Walijaribu hata kuuza mzigo kabla haujaiva. Mwaka 2005 walirekodi nyimbo chache kuhusu Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa zamani aliyepambana na wachimbaji wa makaa, wakapokea fedha za wateja kwa ahadi kwamba rekodi itatumwa siku atakapofariki dunia. Mzaha huo uliwachukiza wengi. Thatcher alifariki Aprili 2013, na waliokuwa wamelipa, wengine kwa miaka minane, wakaletewa mzigo wao. Wakati huo bendi yenyewe ilikuwa imeshafungwa, kwani onyesho la kuagana lilifanyika katika ukumbi wa City Varieties mjini Leeds, Oktoba 31, 2012. Ahadi ililipwa na biashara iliyokwisha kuvunjwa.

Wanabendi walitawanyika kwenye kazi nyingine. Alice Nutter akawa mwandishi wa tamthiliya za jukwaani na televisheni. Boff Whalley naye akaendelea na tamthiliya na kwaya. Dunstan Bruce alishiriki kuongoza filamu ya mwaka 2021 kuhusu maisha yake baada ya umaarufu kupita. Na umiliki wa wimbo unaendelea kuwapa sauti. Mwaka 2024, mwanasiasa Winston Peters wa New Zealand alipoutumia kwenye mkutano wake, walijitokeza kumtaka aache.

Kabla mzani haujafika

Kikundi cha kijiji hakiuzi nyimbo, lakini maswali yake ni yaleyale. Vikundi vingi huandika katiba kwa ajili ya kupata usajili au mkopo, kisha karatasi hulala kwenye kabati la katibu. Siku ya fedha nyingi ndipo hujulikana kuwa hapakuwa na makubaliano ya kweli kuhusu nani anapata nini.

Yapo mambo manne ambayo kikundi kinaweza kuyaandika sasa, wakati mfuko ungali mwepesi na hakuna wa kumwonea mwingine wivu. La kwanza ni mgawo: sawa kwa wote, kwa kilo, au kwa siku za kazi. Njia yoyote inafaa mradi wote waijue. La pili ni majina kwenye kila hati ya mali, iwe ni shamba, mashine ya kukoboa au nembo ya bidhaa, kwa sababu jina lisiloandikwa leo linaweza kuhitaji miaka 38 na mawakili kuandikwa kesho. La tatu ni makato: kabla ya kupokea pembejeo au fedha za awali za mnunuzi, kila mwanachama afahamu kitakachokatwa na kwa utaratibu gani. La nne ni akiba ya kusubiri, ili siku ya bei mbaya kikundi kiweze kufunga mlango wa ghala.

Baada ya hapo unabaki msimu wenyewe, ambao haumsikilizi mtu. Chumbawamba walipata mmoja katika miaka 30. Hawakuweza kuurudisha, na hawakujenga kana kwamba ungerudi.